Dume la Achai

Kazi ya Ewoi ni kurudisha baridi pale ilipotoroka. Ukimwona mjini Lodwar akipita na ngazi begani na mtungi wa gesi mkononi, ujue kuna duka lenye soda moto mahali fulani, au ofisi ambayo watu wake wamehamia nje chini ya mti. Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye desturi ya kuisikiliza mashine kabla ya kuifungua, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza kifua cha mtoto. Anaishi Kanamkemer na mkewe Nasike, ambaye hushona sare za shule barazani. Watoto wao wamekua na kila mmoja ana kwake.

Nyuma ya nyumba yao, chini ya kivuli cha makuti ya mkoma, ipo meza ndefu iliyoundwa kwa vyuma vya friji zilizokufa. Juu yake, ndani ya mikebe ya siagi na vipande vya jerikeni, Ewoi huotesha dungusi, au kakati kama wengine wanavyoliita. Si kwa kukata kipande na kukichomeka mchangani, jambo ambalo mtu yeyote analiweza. Yeye huotesha kwa mbegu. Hauzi, na wala hapewi sifa kwa kazi hiyo. Majirani walipoiona meza kwa mara ya kwanza walimjia juu.

"Fundi, mathenge haijatutosha?" aliuliza mmoja, akimaanisha ule mti wa miiba ulioletwa kwa nia njema na sasa umefunga njia za mifugo hadi mtoni. "Sasa wewe unatuletea ndugu yake?"

"Hili halina miiba," Ewoi alijibu.

Na kweli halikuwa na miiba. Dungusi alilolipenda kuliko mengine yote lilikuwa na mbavu tano, ukiliangalia kutoka juu lina umbo la nyota, na ngozi yake ina madoa meupe kama limepulizwa majivu. Alilikuta katika nyumba moja ya wageni alikoitwa kutengeneza friji. Tunda lake lilikuwa limepasuka, na mwenye nyumba akamruhusu akwangue mbegu.

Mwanzoni alifanya kosa ambalo sisi sote wa huku tungelifanya. Alifikiri kwamba mmea wa jangwani hupenda jua, na Lodwar jua ni la kugawa bure. Akazimwaga mbegu kwenye karai la mchanga wa lagga, yaani mto mkavu, akalipandisha juu ya mabati. Mbegu ziliota kwa haraka ya ajabu, na kwa haraka hiyohiyo zikaiva kwa joto la mabati. Ndipo alipojiunga na kundi la waoteshaji kwenye simu, watu wa Naivasha na Thika, akafundishwa kwamba mtoto wa dungusi ni mtoto kama mwingine yeyote: anataka kivuli, unyevu, na kufunikwa. Zile mbegu chache alizobakiza alizipanda ndani ya mkebe, akaufunika kwa nailoni safi. Maji ya kisima hakuyatumia, kwa sababu yana chumvi inayoganda juu ya udongo kama chokaa. Alitumia maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi vya wateja wake. Mpaka leo hutembea na chupa ya kuyakingia.

Safari hiyo vilitokea vichwa vya kijani, vidogo kama punje za wimbi, na Ewoi akawa anaondoka mezani kwa chakula ili kwenda kuvitazama.

Miche ilipofikia ukubwa wa kifungo cha shati, alienda Kakuma kutengeneza friji ya Achai. Huyu Achai ni mama kutoka Bor, Sudan Kusini, mwenye duka la soda na chai ndani ya kambi ya wakimbizi. Ewoi akamwonyesha picha kwenye simu, na kabla hajairudisha simu mfukoni, Achai akasema, "Nipe mmoja."

Kwa Waturkana, mtu akikuomba usoni ni vigumu kumnyima. Ewoi hakumnyima, ila alirudi nyumbani akamchagulia. Kulikuwa na mche mmoja kwenye kona ya mkebe, umepauka, umeinamia upande mmoja kama mtu anayesinzia. Huo ndio aliompelekea. Alikuwa na hakika kwamba haungemaliza kiangazi.

Miezi michache baadaye aliacha lango la nyuma wazi, mbuzi akaingia. Dungusi lisilo na miiba ni karanga mbele ya mbuzi. Lilibaki moja tu, lililokuwa limefichwa nyuma ya kiunzi cha friji. Hilo na lile la Achai ndiyo yaliyosalia katika uzao wote, kwa sababu ile nyumba ya wageni ilikuwa imefungwa na vyungu vyake havikujulikana vilikokwenda.

Miaka ikapita. Siku moja Ewoi alikuwa juu ya ngazi akisafisha kiyoyozi cha ofisi moja pale mjini, Ahmednasir akaja akasimama chini. Ahmednasir ana lori la bidhaa linalokwenda Kakuma na kurudi, na habari huzibeba bila kutoza.

"Fundi! Shuka nikuambie kitu."

"Sema tu, nasikia."

"Nikisema ukiwa huko juu utaanguka, walaal, ndugu yangu, halafu watu waseme Msomali ameua fundi."

Ewoi akashuka.

"Ile mboga yako ya Achai imetoa maua."

"Si mboga."

"Manjano! Kubwa hivi!" Ahmednasir alikunjua kiganja chote. "Watu wanapanga laini kupiga picha. Hata mke wangu ameweka kwa status. Yako je?"

Ewoi aliichukua simu ya Ahmednasir, akaikuza picha kwa vidole viwili. Lilikuwa ua la rangi ya kiini cha yai, linang'aa kama hariri, limekaa utosini mwa dungusi nono, lililosimama wima. Aliutafuta ule mwinamo. Haukuwepo. Akaikuza tena mpaka picha ikawa miraba mitupu ya rangi.

"Simu za siku hizi huongeza rangi," alisema, akapanda ngazi.

Dungusi lake yeye lilikuwa bado lina kipara. Tangu siku hiyo hakutulia. Alimwambia Nasike kwamba Achai anamwaga masalio ya chai kwenye chungu na mmea unaolishwa chai huzeeka upesi. Alimwambia kwamba Kakuma kuna vumbi lenye mbolea. Wakati mwingine alikuwa akinawa mikono na kusema, bila kuulizwa, "Ni bahati tu." Nasike alikuwa akiendelea kukanyaga cherehani yake. Ewoi akalisogeza dungusi lake kwenye mwanga mkali ili liharakishe, likaungua upande mmoja na kufanya kovu la rangi ya kutu, naye akaongeza kovu hilo kwenye mambo anayomlaumia Achai.

Msimu uliofuata lake nalo likachanua. Alimwita Nasike aje aone. Nasike akaja na tepu ya kupimia shingoni, akainama, akatabasamu kwa dhati.

"Zuri," alisema. "Kama lile la Achai."

Ewoi hakumaliza ugali wake siku hiyo.

Ua likafumba, likanyauka, likaanguka. Hakuna tunda. Likachanua jingine, likaanguka vilevile. Akaandika kwenye kundi la simu kuuliza. Mtu wa Naivasha akamjibu kwamba aina hiyo haijizalishi. Chavua, lile vumbi la njano lililo katikati ya ua, haishiki juu ya mmea uleule ulioitoa. Lazima itoke kwenye dungusi jingine la aina hiyo, lililoota kwa mbegu yake lenyewe. "Unalo jingine?" aliuliza yule mtu.

Ewoi akaandika: "Hapana."

Lilikuwapo moja tu ambalo lingeweza kulipatia lake mbegu, nalo lilikuwa kwa Achai. Bila hilo, lake likifa ndiyo mwisho. Lakini kumwomba Achai chavua kulikuwa na maana ya kusimama mbele ya ule mche aliouchagua ufe na kuuomba msaada. Hilo hakuliweza.

Na kama vile haikutosha, Achai mwenyewe akapiga simu.

"Ya Ewoi, hii mtoto yako inatoa maua tu, maua tu. Mbegu iko wapi?"

Ewoi alikuwa na jibu lote kichwani. Angelisema kwa maneno machache. Badala yake alisikia kinywa chake kikisema, "Hilo lako ni dume."

"Dume?"

"Dume. Halizai."

Kisha Achai akacheka kwa furaha. "Aa! Basi haina makosa yake. Lakini dume zuri, Ewoi. Dume zuri sana."

Achai ametoka kwa watu wa ng'ombe, na watu wa ng'ombe hawamlaumu fahali kwa kukosa ndama. Alichofanya ni kulipatia jina. Ahmednasir ndiye aliyeileta habari hiyo, akicheka mpaka akashika mlango wa lori.

"Sasa inaitwa Mabior. Ati ni jina ya fahali nyeupe kwao. Amefungia chungu kishada chekundu, vile wao wanafungia pembe za ng'ombe! Wazee wa kwao wakija kunywa chai wanaimbia hiyo mboga, fundi. Wanaimba na mikono juu, hivi, kama pembe!"

Ewoi hakucheka. Yeye pia ni mtoto wa wafugaji na alijua maana ya kupewa jina na kishada. Dungusi lake lilikuwa na kovu na halikuwa na jina. Alienda nyuma ya nyumba akalitazama, akajaribu majina mawili matatu kimoyomoyo, na yote yakasikika kama ya kuazima.

Mwaka huu mambo yalilingana kwa namna ambayo hayakuwahi kulingana. Dungusi la Ewoi lilitoa tumba la ua, likavimba, likaonyesha ncha ya njano. Na asubuhi hiyohiyo Ahmednasir akapiga simu kutoka Kakuma kuhusu shehena ya gesi, akamalizia, "Mabior amefungua leo."

Ua moja hukaa siku chache tu. Kumtuma Ahmednasir alete chavua kungekuwa ni kuitangazia njia nzima mpaka Lokichoggio. Ewoi akachukua begi la vifaa, akatia ndani brashi ndogo laini anayosafishia vyuma vya umeme, akamwambia Nasike kwamba friji ya Achai inahitaji kuangaliwa.

"Amepiga simu?"

"Bado."

Nasike alimtazama akitoka, sindano ameibana midomoni.

Duka la Achai lilikuwa na wateja wachache barazani. Dungusi lilikuwa limekaa juu ya kreti ya soda karibu na mlango, mahali penye kivuli chepesi, kishada chekundu kikining'inia. Lilikuwa nono kuliko picha. Ua lilikuwa wazi kabisa. Ewoi alilisalimia kwa macho kabla ya kumsalimia mwenyewe.

"Ejok, ya akhui," alisema Achai, akimsalimu kwa Kiturkana na kumwita "ndugu yangu" kwa Kiarabu cha Juba.

"Ejok-noi. Nimekuja kuangalia friji."

"Friji haina shida."

"Ndiyo maana naiangalia kabla haijapata."

Achai alicheka, akaingia nyuma kuchota chai. Ewoi akapiga magoti mbele ya kreti kama anayetafuta waya, akatoa brashi, akaizungusha ndani ya ua taratibu. Ncha ya brashi ikawa njano. Alikuwa hajaifunga kwenye karatasi aliposikia kikombe kikiwekwa juu ya kaunta.

"Unamfanya nini Mabior?"

"Nampangusa vumbi."

"Vumbi ya ndani ya ua?"

Wateja waligeuka. Ewoi alibaki amepiga magoti, brashi hewani. Achai alikuja akasimama juu yake, mikono kiunoni, akaitazama ile ncha ya njano, kisha akamtazama yeye.

"Ewoi. Wewe uko na jike nyumbani?"

"Ndiyo. Liko."

"Na inataka dume."

"Ndiyo."

"Sasa mbona unaiba? Kwetu mtu akitaka dume anakuja mchana, watu wakiona, anasema: mama, nipe dume yako. Nyinyi Waturkana si hivyo?"

"Ni hivyohivyo."

"Basi sema."

Ewoi aliinuka, akajipangusa magoti. "Mama, nipe dume lako," alisema, na baraza nzima ikapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja aliinua mikono juu kama pembe.

"Chukua," alisema Achai. "Ndama ni wako wote. Mwenye dume hadai kitu, hata kwenu ni hivyo. Kunywa chai."

Hapo ndipo angelimwambia. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umemgeukia na kumpa kila kitu: mbegu zote kwake, kwa Achai hakuna, na Achai anashukuru. Ewoi alikunywa chai yenye sukari nyingi, akasikiliza friji ambayo haikuwa na shida, akarudi Lodwar na chavua ndani ya karatasi.

Ua lake lilifunguka kesho yake. Kabla ya kulipaka chavua ya Mabior alitoa kwanza ya kwake, akaitia ndani ya kipande cha mrija wa soda, akaziba ncha zote mbili kwa moto wa kiberiti, akaiweka kwenye friji kando ya maziwa. Alijiambia ni mazoea tu, fundi wa baridi hatupi kitu kinachoweza kuhifadhiwa. Nasike aliuona.

"Baba Akiru, hii ni dawa ya nani?"

"Si dawa. Ni chavua ya ua letu."

"Ya kupeleka wapi?"

"Nimeihifadhi tu."

Nasike alirudisha mrija mahali pake, akafunga friji polepole. Siku ile Achai alipopiga simu kuuliza mbegu, yeye alikuwa barazani na alisikia kila neno. "Wewe," alisema, "chochote kisicho chako ni dume."

Chini ya ua lililonyauka, safari hii, kitu kilibaki na kuanza kuvimba. Ewoi alikigusa kwa ncha ya kidole kila alipopita. Alikuwa amengojea furaha yake kwa miaka, nayo ilikuja, lakini kila alipofungua friji kuchukua maziwa, mrija ulikuwa palepale.

Kisha Achai akapiga simu. "Imeshika?"

"Imeshika."

Achai alipiga kigelegele kilichomfanya Ewoi aondoe simu sikioni, akamsikia akiwatangazia wateja kwa Kidinka, nao wakishangilia. "Wakizaliwa nitumie picha tu," alisema akirudi kwenye simu, "nionyeshe watu watoto ya Mabior. Na Ewoi, ametoa kichwa ingine ya ua. Ukihitaji tena, njoo."

Simu ilipokatika Ewoi alikaa juu ya mtungi wake wa gesi. Alikuwa amemwonea Achai wivu kwa ua, kwa unene, kwa jina na kwa kishada. Sasa alimwonea wivu kwa jambo ambalo hakulitarajia: namna alivyotoa. Alitoa kama anayemwaga maji, bila kuangalia yanaelekea wapi. Naye Ewoi, mara moja tu alipoombwa, alipekua kona za mkebe akitafuta kilichokaribia kufa. Hata hapo amenipita, alifikiri, na wazo hilo lilimuuma kuliko picha zote.

Kesho yake alimkuta Ahmednasir akipakia lori. Akampa mrija uliofungwa kwa karatasi ya fedha.

"Uweke kwenye sanduku la barafu, pamoja na maziwa ya ngamia. Mpe Achai. Ua lake likifunguka apake ndani kwa unyoya."

"Ni nini hii, dhahabu?"

"Na umwambie Mabior si dume."

Ahmednasir aliacha kamba aliyokuwa akiifunga. "Mimi? Nimwambie mimi? Yule mama atanimwagia chai ya moto, walaal! Mwambie wewe, na nipo hapa nasikia."

Basi Ewoi akapiga simu palepale kando ya tairi.

"Achai. Mabior si dume."

"Ni jike?"

"Ni vyote viwili. Langu pia. Yote ni hivyo. Lilikosa mwenzake tu. Nimekutumia chavua ya langu."

"Ulijua lini?"

"Kabla sijakuambia ni dume."

Ewoi alisikia friji ya dukani ikinguruma, nzima, bila mkwaruzo.

"Kwa hivyo," alisema Achai, "wazee wangu wameimbia jike miaka yote hii, mikono juu."

"Ndiyo."

"Jina sibadilishi."

"Usibadilishe."

"Na siku ukija hapa, utakunywa chai bila sukari."

Ewoi alikubali. Ahmednasir alikuwa ameegemea lori, akijifuta machozi ya kicheko kwa kikoi.

Mbegu za Ewoi zilikomaa kwanza, akazipanda, zikaota. Picha ya tunda la Achai ilikuja baadaye, limepasuka pembe tano, limejaa. Aliikuza kwa vidole viwili.

"Lina mbegu nyingi kuliko letu?" aliuliza Nasike kutoka kwenye cherehani.

"Picha haionyeshi vizuri."

Alipokwenda Kakuma tena, chai ilikuwa imemngoja, chungu kama dawa, na wateja walihakikisha ameimaliza. Kisha Achai akamletea karai lake lililofunikwa nailoni. Miche ilikuwa imesongamana, kijani kibichi, mizima. Ewoi aliitazama kwa muda mrefu. Halafu, mbele ya watu wote, alisema, "Nipe mmoja."

Achai alifunua nailoni. Kidole chake kilipita juu ya miche minene ya katikati bila kusimama, kikaenda hadi kwenye kona. Pale palikuwa na mmoja uliopauka, umeinamia upande. Akauchimbua kwa kijiko pamoja na udongo wake.

"Huyu," alisema. "Si hivi ndivyo unachaguliaga watu?"

Ewoi aliupokea kwa mikono miwili, akaufunga ndani ya leso, akausafirisha mapajani mpaka Lodwar. Nyumbani hakuuweka mezani pamoja na mingine. Aliujengea rafu yake ya juu, mahali ambapo mbuzi hafiki, na mpaka leo hamruhusu hata Nasike kuutilia maji.